Sura ya Nne: Ruhusa ya Baba

Mara ya kwanza mtoto wa kitanda cha tatu alisema uongo wake vizuri. Mara ya pili Sajini Saulo Kalinga alimwomba aseme polepole.

"Nilikunywa kilabuni kwa Tusekile," alisema Tusajigwe, macho yake kwenye dari la hospitali. "Jumanne. Aliniuzia."

Alikuwa na miaka kumi na minne. Mguu wake wa kushoto ulifungwa vibao kutoka pajani mpaka kifundoni. Jumanne alasiri wanawake waliokuwa wakitoka soko la Mbeya walimkuta ndani ya shimo la udongo wa matofali, mguu umevunjika, ananuka pombe, hajitambui. Jumatano asubuhi baba yake, Mzee Abrahamu, mzee wa kanisa kule mlimani, alifika kituo cha polisi amevaa koti na tai, akasema mwanawe ameleweshwa na Tusekile, mwenye kilabu cha chini ya mlima. Kwa sababu ya ile tai Kalinga hakuuliza mengi. Alikwenda kilabuni saa ile ile, akamkamata Tusekile mbele ya wanywaji wake, akachukua na leseni yake.

Leo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Tusekile angesimama mbele ya hakimu. Sheria ilikuwa fupi: mwenye kilabu asimuuzie wala asimpe pombe mtoto wa chini ya miaka kumi na sita. Akipatikana na hatia, jela miezi sita na leseni inafutwa. Nyumbani Tusekile alikuwa na watoto watatu na hana mume.

"Alikuuzia kwa kipimo gani?" aliuliza Kalinga.

"Kikombe."

"Cha namna gani?"

"Cha bati. Cheupe, mdomo wake buluu."

"Moto au baridi?"

"Kikombe?"

"Pombe."

"Baridi."

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Ulikaa karibu na nani?"

Mtoto alimeza mate. "Walikuwepo watu."

Kalinga aliandika yote katika daftari lake, hata yale mate. Alikuwa askari kanzu, hakuvaa sare, na watu wengi hospitalini walidhani ni ndugu wa mgonjwa. Nesi Marta ndiye peke yake aliyemjua. Alimwita pembeni, kwenye ndoo iliyokuwa chini ya dirisha.

"Hii ndiyo gauni yake, afande. Sijaifua. Kwao hawajaleta sabuni, na sabuni ya serikali ni ya mashuka."

Kalinga aliitoa gauni ile kwa vidole viwili. Kifuani palikuwa na madoa makavu, meupe, yanayonata, na sisimizi walikuwa wamekwisha yapata. Alinusa. Akanusa tena. Kimpumu, pombe ya kilabuni kwa Tusekile, kinapikwa kwa ulezi, na doa lake ni la rangi ya udongo. Hili halikuwa doa la ulezi. Kalinga alikuwa Mhehe wa Iringa, alikua kati ya mianzi, na harufu ile aliijua kabla hajajua kusoma.

"Usiifue," alisema.

"Na nani aifue? Baba yake alikuja mara moja tu, Jumanne ile ile mtoto alipozinduka. Akatutoa wote nje, akasema anataka kumwombea mwanawe. Nilisimama mlangoni. Akanong'ona, akanong'ona, weee! Sikusikia amina hata moja."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia 'rudia'."

* * *

Tusekile alikuwa ameketi sakafuni mwa mahabusu, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani, kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Hakuinuka.

"Umekuja tena, Mnyalukolo wa Iringa. Jumatano ulikuwa na haraka, hukuniacha hata nizime moto."

"Kwako watu wananywa kwa kitu gani?"

Tusekile alimtazama. "Umekaa Mbeya miaka mingapi wewe?"

"Sita."

"Miaka sita, unakula mshahara, hujui kimpumu kinanywewa kwa kitu gani!"

"Ninajua. Nataka useme wewe, niandike."

"Haya, andika. Mrija. Chungu kinakaa katikati, namimina maji ya moto, wazee wanazunguka, kila mtu na mrija wake mrefu kama fimbo ya kuchungia ng'ombe. Maji yakipoa naongeza mengine. Kimpumu baridi labda umpe nguruwe, naye atakununia. Anayetaka kikombe aende akanywe chai."

"Kikombe cheupe cha bati, mdomo wa buluu, huna?"

"Ninavyo vikombe viwili vya kibuyu, vya kuchotea maji. Vya bati ni vya watu wa kanisani, wanavipanga kabatini mgeni avione."

"Mtoto wa Abrahamu aliwahi kuingia kwako?"

"Yule? Baba yake akipita njia ya kilabuni anaziba pua kwa leso. Mtoto wake angeingia, kilabu kizima kingesimama kumtazama. Waulize wanywaji wangu."

"Niliwauliza Jumatano. Walisema hawakumwona."

"Ukaandika nini?"

Kalinga alifungua ukurasa wa Jumatano. Hakuwa mtu wa kuficha. "Niliandika: mashahidi ni walevi."

Tusekile alicheka mpaka askari wa zamu akachungulia. "Ndaga," alimwambia Kalinga, kama anayeshukuru kwa zawadi. "Ndaga sana. Mlevi haaminiki, mwenye tai anaaminika. Ndiyo maana mko wengi na wezi hawaishi."

"Umri wa mtoto unaujua ukimwona?"

"Nazaa, nitashindwaje kuujua? Chini ya kumi na sita simpi. Mwaka jana mtu mmoja alikuja na kijana wake, akasema mpe, mimi baba yake nimeruhusu. Nikamwambia ruhusu kwako, hapa ni kwangu, na leseni imeandikwa jina langu. Nikawafukuza wote wawili." Akapangusa jicho. "Na wewe je, una miaka mingapi?"

"Thelathini na minane."

"Ukitaka chupa ya brandi ya dukani, unanunua tu?"

Kalinga alifunga daftari.

"Unamwomba Bwana Shauri wa wilaya karatasi, kwa kuwa wewe Mwafrika," Tusekile alisema. "Mwanamume mzima, una mvi, unaandikiwa kama mtoto wa shule. Halafu mnakuja kuniuliza mimi nani mtoto."

Baadaye, ofisini, Bwana Inspekta, Mzungu aliyekuwa mkubwa wa kituo, alisikiliza habari za kikombe na mrija huku akisafisha kiko chake kwa kijiti.

"Sajini, sheria inasema mrija?"

"Hapana, Bwana."

"Inasema kikombe?"

"Hapana, Bwana."

"Basi pombe ni pombe. Mtoto amesema, baba amesema. Baba ni mtu wa kanisa. Mimi sitaki maneno na misheni kwa sababu ya mama wa pombe."

"Ile haikuwa pombe ya huyu mama, Bwana. Ni ulanzi, pombe ya mianzi. Mtoto ametajiwa jina la kilabu, lakini hajatajiwa kilabu kilivyo, kwa hiyo akaweka kikombe cha kwao."

"Una mpaka kesho mchana," Bwana Inspekta alisema, akarudia kiko chake.

* * *

Mianzi ya ulanzi haikuota Mbeya kwa wingi wa kumlewesha mtu. Ulanzi ulikuja kwa gari. Mwezi ulikuwa Machi, mvua imeshika, na huu ndio wakati mianzi ya Iringa inapogemwa. Kalinga alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mizigo cha basi la kutoka Iringa.

Karani wa mizigo aliitwa Matano, mtu wa asili ya pwani, kofia yake nyeupe ilikuwa safi katika mji mzima wa matope. Alisikiliza swali moja akaruka juu.

"Ulanzi! Usinitajie, Sajini. Umeniharibia magunia mawili ya sukari ya watu. Ulipanda Iringa Jumapili, gari likakwama njiani siku nzima, ukafika hapa Jumatatu unatoa povu kama mbwa mwenye kichaa. Mbeta mbili za mwanzi, zimezibwa majani."

"Mbeta za nani?"

"Zimetumwa na Isakwisa, yule anayepasua mbao huko Iringa. Kampelekea kaka yake, Mzee Abrahamu."

"Mzee wa kanisa?"

"Ndiye huyo huyo. Kaja Jumanne asubuhi na mapema, kazifunga ndani ya koti. Nikamuuliza, mzee, unajua ni nini? Akasema dawa ya ng'ombe." Matano alipiga kofi pajani. "Ng'ombe wa Usafwa siku hizi wana sherehe!"

Kalinga hakucheka. "Alisema nini kingine?"

"Alisimama hapa hapa. Akauliza, nani aliyeleta? Nikamwambia dereva. Akauliza, dereva ameonja? Nikamwambia dereva anaendesha gari, haonji mizigo ya watu. Basi akafungua moja, akaniambia, onja wewe kidogo, ndugu yangu. Mimi! Nikamwambia, mzee, mimi Mwislamu, na hata ningekuwa siyo, sinywi kitu kinachopiga kelele. Akakasirika. Akaondoka."

"Alitaka uonje kabla yake?"

"Kabisa. Yeye hakugusa."

Kalinga aliandika neno hilo akalipigia mstari. Katika milima hii, Mbeya hata Iringa, mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza. Anainua, anameza mbele ya mgeni wake, ndipo anampa. Asipoonja, mgeni anajua amekuja kuzikwa. Na pombe ikitumwa kwa gari, mwenye kutuma akabaki maili mia mbili nyuma, nani ataonja?

"Abrahamu na huyo Isakwisa wanapatana?"

"Wapatane wapi? Wanagombania shamba la kahawa la baba yao tangu nilipoanza kazi hapa. Watu wanasema Isakwisa alichoka, kaamua kutuma ulanzi maneno yaishe." Matano alishusha sauti. "Kwani ulanzi umemdhuru nani?"

"Siyo aliyetumiwa," alisema Kalinga.

* * *

Jumamosi asubuhi alipanda mlima. Nyumba ya Mzee Abrahamu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na juu ya mlango palikuwa na mstari wa Zaburi kwa chokaa. Mzee alitoka na Biblia mkononi, kidole kimebaki ndani yake kushika ukurasa.

"Karibu, Sajini. Tunamshukuru Mungu kwa kazi yenu. Yule mwanamke anaharibu nchi."

"Nimekuja kukamilisha maelezo, mzee. Naomba maji ya kunywa."

Mke wake, Ikupa, alileta maji. Kikombe kilikuwa cha bati, cheupe, mdomo wa buluu. Vingine vitano vilipangwa kabatini, vimefudikizwa juu ya kitambaa. Kalinga alikunywa akamaliza, akaweka kikombe mezani kati yake na mzee.

"Kuna ulanzi humu ndani?"

"Sajini! Mimi ni mzee wa kanisa. Nyumba hii haijaona pombe."

"Mbeta mbili. Jumanne. Ndani ya koti."

"Hiyo ilikuwa dawa ya ng'ombe."

"Una ng'ombe wangapi?"

Mzee alifunga Biblia. Ikupa, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijibu bila kuulizwa, "Hatuna ng'ombe." Kisha akachongoa midomo kuelekeza banda la kuku. Kalinga alikwenda, akainama, akatoa mbeta mbili chini ya majani makavu ya ndizi. Zote zilikuwa tupu. Alizinusa, akazisimamisha mezani kando ya kikombe.

"Zote mbili," alisema. "Mtoto alikunywa vikombe vitatu. Vilivyobaki alikunywa nani?"

"Mama Tusajigwe, toka nje," alisema mzee.

"Akae," alisema Kalinga.

Ikupa alikaa. Alikuwa shambani Jumanne nzima, na tangu Jumanne hakuna mtu aliyemweleza kitu.

Mzee Abrahamu alilegeza tai. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya kirafiki, sauti ya mtu anayemwita mwenzake kando baada ya ibada.

"Sajini, wewe ni mtu wa Iringa. Unajua. Huko kwenu ulanzi mtamu hata watoto wanakunywa. Mtogwa, si ndiyo mnaita? Ni kama maji ya sukari."

"Mtogwa ni wa siku ile ile uliogemwa. Huu ulikaa njiani mpaka ukapasua majani. Kwetu huo hata mzee anaunywa amekaa chini."

"Mimi ningejuaje?"

"Matano alikuambia unapiga kelele."

Kuku walipita chini ya meza.

"Nieleze sheria," mzee alisema ghafla. "Wewe ni mtu wa sheria. Mzazi akimpa mwanawe nyumbani kwake, ni kosa?"

Kalinga alikuwa akilingojea swali hilo tangu mlangoni. "Sheria ni ya kilabu na duka. Nyumbani kwa baba, baba akiruhusu, sheria haisemi kitu."

Uso wa Mzee Abrahamu ulifunguka kama wa mtu aliyesamehewa. "Basi! Basi hakuna neno. Mimi baba, nimeruhusu. Kwa nini tunasumbuana?"

"Kwa sababu Tusekile yuko mahabusu kwa kosa ambalo wewe ukilisema siyo kosa."

"Hilo linaweza kusemwa kwa sauti ndogo, Sajini. Wewe umwachie tu. Kanisani lisifike."

"Litaandikwa, utatia sahihi, na Jumatatu hakimu atalisoma mbele ya watu. Bila hilo Tusekile anakwenda jela."

Mzee aliitazama Zaburi yake, akazitazama mbeta, akawatazama kuku. Kalinga alifungua daftari na kulamba ncha ya penseli.

"Andika," mzee alisema mwishowe. "Mimi Abrahamu, nilimruhusu mwanangu Tusajigwe kunywa ulanzi."

Penseli haikuenda. "Aliomba?"

"Nini?"

"Ruhusa inaombwa, mzee. Mtoto alikuja akasema, baba, naomba ulanzi?"

"Hakuomba."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anafagia."

"Ukamwita."

"Nikamwita."

"Ukamwambia nini?"

Mzee alijifuta shingo. "Nikamwambia onja."

"Ulimruhusu au ulimwamuru?"

"Mtoto wangu mwenyewe, kuna tofauti gani?"

Kalinga aliandika: *Nilimwamuru.* "Kikombe cha kwanza, halafu?"

"Nikamtazama."

"Ukamtazama muda gani?"

"Kidogo. Akasema kichwa kinazunguka. Nikaona haitoshi kujua. Kuna nyingine zinakawia." Hakulitaja hilo neno, lakini Ikupa alilisikia. Alikaa wima. "Nikampa cha pili. Na cha tatu. Sajini, humjui Isakwisa! Yule mtu anaweza kufanya lolote!"

"Kwa hiyo ulifikiri kuna sumu ndani."

"Nilikuwa na wasiwasi."

"Ukamnywesha mwanao."

"Mimi nina watu wananitegemea! Kanisa, shamba, kesi ya kahawa! Mimi nikifa..." Alijisikia mwenyewe.

"Malizia."

"Akasema anakwenda kisimani. Akatoka kwa miguu yake. Nikaona, aa, hana neno. Jua lilipofika kizingitini nami nikanywa."

"Zote mbili."

"Zingeharibika."

"Na mtoto alikuwa wapi unakunywa?"

Kalinga aliandika mwenyewe: *shimoni.*

Alimsomea maelezo yote tangu mwanzo, polepole, kama alivyomtaka mtoto aseme hospitalini. Mzee alipinga neno moja tu. Alitaka "ulanzi" uandikwe "kinywaji cha kienyeji". Kalinga alikataa. Mzee alichukua penseli akatia sahihi nzuri, yenye mkia, sahihi ya mtu aliyezoea kuandika vyeti vya ubatizo. Alipoinua macho, kiti cha mke wake kilikuwa kitupu. Ikupa alikuwa amekwisha shika njia ya hospitali, kipande cha sabuni mkononi.

* * *

Bwana Inspekta alisoma maelezo mara mbili.

"Pumbavu," alisema kwa Kiswahili chake chote. "Lakini siyo mhalifu wa pombe. Ni mzazi, ni nyumba yake."

"Amedanganya polisi, Bwana. Amefundisha shahidi. Hayo ni makosa."

"Mzee wa kanisa, Sajini. Mpe onyo. Na yule mama mtoe, yamekwisha."

Kalinga alipiga saluti, akatoka na leseni. Alifungua mwenyewe mlango wa mahabusu. Tusekile aliinuka kwa kushika ukuta, akakung'uta vumbi la siku tatu, akaipokea leseni, akalisoma jina lake kana kwamba huenda limebadilishwa.

"Nani aliyempa mtoto?" aliuliza.

"Baba yake. Alikuwa anapima sumu."

"Anafungwa lini?"

"Hafungwi. Kwa sheria baba anaweza kumpa."

"Hata kwa kumpimia sumu?"

"Sheria haikuandika kwa nini."

"Ahaa." Alikunja leseni mara mbili, akaipenyeza kwenye fundo la kanga kiunoni. "Basi nimeelewa kosa langu, Sajini. Kosa langu ni kwamba sikumzaa."

Kalinga alimsogezea kitabu cha mahabusu ili atie kidole cha kutoka. Tusekile alikichovya kwenye wino, akakikandamiza mahali alipoonyeshwa, kisha akautazama mkono wa Kalinga uliokuwa umeshika ukurasa. Alijifuta wino pale pale, kwenye mkono safi wa shati lake, taratibu, mpaka wino ukaisha kidoleni. Kalinga hakuuondoa mkono.

"Ndaga," alisema Tusekile, akatoka.